Mwanafalsafa Aliyefungwa kwa Ajili ya Amani

Wazee wetu walisema, "Wengi wape." Methali hii ni ya haki, na pasipo hiyo hakuna baraza liwezalo kuamua jambo, wala kijiji kiwezacho kukaa kwa salama. Walakini, ewe msomaji, kila methali ina mpaka wake kama shamba lilivyo na mpaka. Wengi wakitaka kuchimba kisima, wape. Wengi wakitaka kujenga daraja, wape. Lakini wengi wakitaka kuchoma nyumba ya jirani, je, utawapa kiberiti?

Nataka kukusimulia maisha ya mtu mmoja aliyejiuliza swali hili kwa muda wa zaidi ya nusu karne, akalijibu kwa kalamu, kwa sauti, na mara mbili kwa kifungo. Jina lake ni Bertrand Russell. Nilikutana nalo mara ya kwanza nilipokuwa nikisomea ualimu, katika somo la falsafa ya elimu, kwa kuwa mtu huyu aliandika kitabu juu ya elimu mwaka 1926, na mwaka uliofuata yeye na mkewe Dora wakafungua shule ya watoto. Katika daftari langu la chuo alikuwa jina moja tu kati ya majina mengi. Nilipoendelea kusoma habari zake niliona kwamba shule ile ilikuwa tone moja katika mtungi uliojaa. Sikusimulii habari hizi ili umwabudu. Kama Mkenya, ninazo sababu za kumtazama kwa macho yote mawili, na sababu hizo nitazitaja mahali pake.

Russell alizaliwa tarehe 18 Mei 1872 katika nchi ya Wales, katika ukoo mashuhuri. Babu yake, Lord John Russell, alikuwa Waziri Mkuu wa Uingereza mara mbili. Lakini cheo hakizuii kifo mlangoni. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka 2 ugonjwa wa dondakoo ulimchukua mama yake pamoja na dada yake, na mwanzoni mwa mwaka 1876 baba yake naye akafariki. Yatima huyu akalelewa na nyanya yake karibu na London, katika nyumba yenye bustani kubwa na furaha ndogo. Nyanya alikuwa mcha Mungu asiyeyumba. Alimpa mjukuu wake Biblia, na katika ukurasa wa mbele akamwandikia aya ya kitabu cha Kutoka inayomkataza mtu kuwafuata wengi katika kutenda uovu. Mtoto alipokua aliiacha dini ya nyanya yake, lakini aya ile haikumwacha yeye.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, kaka yake alianza kumfundisha jiometri ya Euclid. Bertrand aliipenda kwa moyo wote, mpaka alipoambiwa kwamba ziko kauli za mwanzo ambazo hazithibitishwi, bali hukubaliwa tu. Akauliza kwa nini azikubali. Kaka akamjibu kwamba asipozikubali hawataweza kuendelea mbele. Alizikubali shingo upande, lakini swali lake alilihifadhi kama mtu ahifadhivyo deni.

Deni hilo alianza kulidai katika Chuo cha Trinity huko Cambridge, alikoingia mwaka 1890. Alitaka kujua kama hesabu yote, kuanzia moja na mbili, yaweza kujengwa juu ya msingi wa mantiki peke yake. Mwaka 1901 akagundua ufa katika msingi wenyewe. Ili nikueleze ufa huo, nitatumia mfano wa kinyozi, ambao umezoewa sana katika kulifafanua jambo hili. Katika kijiji fulani yuko kinyozi awanyoaye wanaume wote wasiojinyoa wenyewe, wala hamnyoi mwanamume mwingine yeyote. Je, kinyozi hujinyoa? Ukisema hujinyoa, basi si miongoni mwa wale anaowanyoa, kwa hiyo hajinyoi. Ukisema hajinyoi, basi ni miongoni mwa wale anaowanyoa, kwa hiyo hujinyoa. Sheria iliyoonekana nzuri kwa kijiji kizima yavunjika inapomgeukia aliyeitunga. Likumbuke jambo hili, msomaji, kwa maana nitalirudia.

Mwaka 1902 Russell alimwandikia barua mtaalamu wa Kijerumani aliyeitwa Gottlob Frege, akamwonyesha kwamba ufa huo umo katika kazi yake. Frege alikuwa karibu kuchapisha juzuu ya pili ya kitabu alichokitolea miaka mingi ya maisha yake. Hakukasirika wala hakuficha. Alikiri mara moja, akaongeza maelezo mwishoni mwa kitabu chake ili wasomaji wajue. Baadaye Russell aliutaja mfano huo kuwa ni kilele cha uaminifu wa mtu mbele ya ukweli. Yeye mwenyewe, pamoja na mwalimu wake Alfred North Whitehead, alitumia karibu miaka kumi kuujenga msingi upya. Kitabu chao, Principia Mathematica, kilitoka kwa juzuu tatu kati ya mwaka 1910 na 1913. Kilikuwa kigumu hata msomaji alipita kurasa zaidi ya 360 kabla hajafika mahali panapotayarisha uthibitisho kwamba moja na moja ni mbili. Gharama ya kukichapa ilikuwa kubwa kuliko mauzo yaliyotazamiwa, na kila mmoja wa waandishi wale wawili alilipa pauni 50 kutoka mfukoni mwake.

Mtu wa namna hii ungemtazamia aishi na kufa kati ya karatasi zake. Ndipo ukaja mwezi wa Agosti wa mwaka 1914.

Usiku ule Uingereza ilipokuwa ikiingia vitani, Russell alitembea katika njia za London karibu na uwanja wa Trafalgar. Aliona umati wa watu, wake kwa waume, wakishangilia. Jambo lililomtisha kuliko tangazo la vita lilikuwa furaha ile. Alikuwa amezoea kufikiri kwamba vita huletwa na wafalme na mawaziri wabaya juu ya raia wasiotaka. Sasa aliona raia wakivitaka. Hapo aya ya nyanya yake iliacha kuwa wino katika karatasi.

Mwaka 1916 serikali ilianza kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima. Walikuwako waliokataa kuua kwa sababu ya dhamiri zao, na wengi wao walitiwa gerezani. Kijana mmoja mwalimu, Ernest Everett, alihukumiwa kifungo cha miaka 2 na kazi ngumu. Kikaratasi cha kumtetea kikachapwa bila jina la mwandishi, na watu waliokisambaza wakakamatwa. Russell aliliandikia gazeti la The Times kwamba aliyekiandika ni yeye. Kama liko kosa, ashtakiwe yeye. Akashtakiwa, akatozwa faini ya pauni 100. Alikataa kulipa, ndipo vitabu vyake vikashikwa vipigwe mnada, na rafiki zake wakavinunua ili visipotee. Mwezi wa Julai Chuo cha Trinity kikamfukuza kazi ya uhadhiri. Tazama hesabu ya mtu huyu: kikaratasi kimoja kilimgharimu kazi, na angaliweza kuinyamazia hasara yote ile kwa sababu jina lake halikuwamo.

Mwaka 1918 alishtakiwa tena kwa makala aliyoiandika katika gazeti dogo la wapinga vita, akahukumiwa kifungo cha miezi 6 katika gereza la Brixton. Mlangoni askari jela alimwuliza dini yake. Alijibu kwamba yeye ni mtu asiyejua kama Mungu yuko au hayuko, na neno alilotumia lilikuwa geni kwa askari. Yule askari alilitafuta tahajia yake, kisha akasema kwa upole kwamba dini ni nyingi, lakini nadhani zote humwabudu Mungu mmoja. Russell alieleza kwamba neno hilo lilimchangamsha kwa muda wa wiki nzima. Humo gerezani hakukaa bure; aliandika kitabu kizima cha utangulizi wa falsafa ya hesabu, kilichochapishwa mwaka 1919.

Sasa nimefika mahali nilipokuahidi, pa kumtazama kwa macho mawili.

Vita ile aliyoipinga Russell haikubaki Ulaya. "Wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi." Katika nchi zetu Waingereza na Wajerumani walipigana kuanzia Agosti 1914 mpaka Novemba 1918, na jeshi la Wajerumani liliweka silaha chini huko Abercorn, ambako leo ni Mbala katika Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza. Hapakuwa na barabara za kutosha. Wanyama wa mizigo walikufa kwa magonjwa ya mbung'o. Kwa hiyo risasi, unga na mizinga vilipandishwa vichwani mwa watu. Mamia ya maelfu walichukuliwa kuwa wachukuzi wa jeshi, katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, jina ambalo ndimi zetu zililigeuza kuwa Kariokor katika Nairobi na Kariakoo katika Dar es Salaam. Makadirio ya waliokufa kwa njaa, kuhara na malaria hukaribia laki moja. Baba wa babu yangu alikuwa mchukuzi. Aliondoka nyumbani pamoja na ndugu yake mdogo. Alirudi peke yake. Katika jamaa yetu hakuna ajuaye ndugu yule alizikwa wapi. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba zaidi ya watu laki moja waliokufa katika vita vile, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, ikaomba radhi.

Basi unaweza kudhani kwamba Russell alikuwa mtetezi wa ndugu yule. Lakini sikiliza. Mwaka 1915 aliandika makala juu ya maadili ya vita, akazigawanya vita katika aina nne: vita vya ukoloni, vita vya itikadi, vita vya kujilinda, na vita vya kutafuta fahari. Vita vya fahari, kama ile iliyokuwa ikiwaka Ulaya, alivilaani. Lakini juu ya vita vya ukoloni alisema kwamba, ingawa vilikuwa vya kikatili, mara nyingi vilikuwa na haki, kwa sababu waliochukua nchi walikuwa na ustaarabu mkubwa kuliko waliofukuzwa. Aliongeza kwamba vita vya namna hiyo vimekwisha kuwa vya zamani. Mwaka huohuo wa 1915, katika nchi hii yetu, sheria ya ardhi iliihesabu hata ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa ni mali ya Taji la Uingereza, na walowezi wakafunguliwa mlango wa mikataba ya miaka 999. Kwa wenye ardhi ile, jambo hili halikuwa la zamani. Lilikuwa la asubuhi ileile.

Nilipoisoma habari ya makala hiyo niliweka kitabu chini kwa muda. Nilijiuliza kama nina haki ya kumfundisha mtoto wa Kenya maisha ya mtu aliyeandika hivyo, ilhali yuko mwanafunzi darasani mwangu ambaye jamaa yake ilihamishwa kutoka shamba la mababu kwa hoja hiyohiyo ya ustaarabu. Jibu nililolipata, nililipata kwa kinyozi. Kama ustaarabu mkubwa humpa mtu haki ya kuchukua nchi ya mwingine, ni nani apimaye ustaarabu? Ni yule achukuaye. "Mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake." Na tuigeuze sheria hiyo imtazame aliyeitunga: wastaarabu wale, wakati makala ilipokuwa ikisomwa, walikuwa wakiuana kwa maelfu ndani ya mahandaki ya Ufaransa kwa ajili ya fahari, kama mwandishi mwenyewe alivyosema. Mtu aliyegundua kwamba sheria yapaswa kumpima na mtungaji wake hakuipima hapo sheria yake mwenyewe. Hivyo nilimpinga Russell kwa silaha niliyoitoa mkononi mwa Russell, na nikaona kwamba hilo ndilo fundisho ninaloweza kumpa mwanafunzi yule bila kuona haya: kwamba njia ya kufikiri yaweza kuwa njema kuliko mtu aliyeivumbua, na yeyote aliyejifunza anaweza kuitumia, hata juu ya mwalimu wake.

Haki yanidai niseme pia kwamba mtu huyu hakuganda mahali pamoja. Katika miaka ya 1930 aliongoza jumuiya ya mjini London iliyodai uhuru wa India. Kabla ya hapo, mwaka 1920, alikwenda Urusi akiwa na matumaini juu ya mapinduzi, akaonana na Lenin, akarudi akiandika juu ya ukatili aliouona, ingawa rafiki zake wa mrengo wa kushoto walichukizwa. Mwaka 1936 aliandika kitabu cha kuwashauri Waingereza wasipigane hata wakivamiwa. Mwaka 1940 alikiri kwamba utawala wa Hitler ulikuwa uovu mkubwa kuliko vita yenyewe, akaunga mkono kupigana naye. Tena, katika miaka iliyofuata 1945, Marekani ilipokuwa na bomu la atomiki peke yake, alishauri kwamba Urusi ishurutishwe kukubali usimamizi wa kimataifa wa silaha hizo, hata kwa kutishwa na vita. Ushauri huo ulikuwa wa hatari, na baadaye ulimwia vigumu kuueleza.

Adui zake walimwita kigeugeu. Msomaji, zipime geuko za mtu kwa mizani hii: je, aligeuka kuelekea faida yake, au kuelekea hasara yake? Bendera hufuata upepo, na haina gharama. Russell karibu kila alipogeuka aliacha rafiki nyuma na kukuta adui mbele. Sisemi kwamba kila alipogeuka alikuwa na haki. Nasema kwamba hakununuliwa. Wala sisemi kwamba alikuwa mwema katika kila chumba cha nyumba yake. Alioa mara nne, na walikuwako wapenzi wake walioumia kwa ajili yake. Apendaye wanadamu wote aweza kumsahau mmoja aliye karibu naye.

Lililofuata ni sehemu ya mwisho ya maisha yake, wakati ambapo wazee wengine hutafuta kiti kivulini. Alikuwa amekwisha kupata heshima zote. Mwaka 1949 mfalme alimtunukia nishani kuu, na mwaka 1950 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Mwaka 1948, akiwa na umri wa miaka 76, ndege iliyotua majini huko Norway ilipinduka na abiria 19 wakafa. Yeye aliogelea katika maji ya baridi mpaka akaokolewa. Angaliweza kusema kwamba Mungu, au bahati, imekwisha kumlipa.

Lakini tarehe 1 Machi 1954 Marekani ilijaribu bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bikini, bomu lenye nguvu mara elfu moja hivi kuliko lile lililoangamiza Hiroshima. Majivu yake yaliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa mbali baharini, na mmoja wao akafa mwaka huohuo. Russell alielewa kwamba sasa hesabu imebadilika. Vita vya zamani vilikuwa na mshindi na mshindwa; vita vya silaha hizi vyaweza kukosa hata wa kuzika. Tarehe 23 Desemba 1954 alizungumza katika redio ya BBC, akiwaomba watu wasahau kwa muda kama wao ni wa Mashariki au wa Magharibi, wakumbuke tu kwamba ni wanadamu.

Kisha akaandika tamko, akawaomba wataalamu wakubwa wa sayansi walitie sahihi. Alimwandikia Albert Einstein. Alipokuwa ndani ya ndege kutoka Roma kwenda Paris, mwezi wa Aprili 1955, rubani alitangaza kwamba Einstein amefariki. Russell aliona kazi yake imevunjika. Alipofika hotelini Paris alikuta barua inamngoja: Einstein alikuwa amekubali kutia sahihi siku chache kabla ya kufa. Tamko likasomwa London tarehe 9 Julai 1955, likiwa na majina ya wataalamu 11. Kutokana nalo, mwaka 1957, wanasayansi 22 wa kambi zote mbili walikutana katika kijiji cha Pugwash huko Kanada, wakaanza mazungumzo ambayo serikali zao zilishindwa kuyafanya. Mmoja wao, Joseph Rotblat, aliyekuwa ameiacha kazi ya kutengeneza bomu la atomiki mwaka 1944 kwa sababu ya dhamiri yake, alipewa Tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1995 pamoja na jumuiya hiyo ya Pugwash.

Maneno yalipoonekana kuwa hayatoshi, mzee alishuka barabarani. Mwaka 1958 alikuwa rais wa chama cha Waingereza cha kuondoa silaha za nyuklia. Mwaka 1960 alikiacha, akaunda Kamati ya Watu 100 pamoja na Kasisi Michael Scott na wengine, ili wavunje sheria ndogo kwa amani na kukubali adhabu yake. Kasisi Scott alikuwa ametoka Afrika karibuni. Mwishoni mwa mwaka 1959 yeye na wenzake, Waafrika na wageni, waliondoka Ghana kwa magari kwenda Sahara kuwazuia Wafaransa wasijaribu bomu lao. Wakazuiwa njiani, na tarehe 13 Februari 1960 bomu likalipuliwa huko Reggane katika Algeria. Hivyo usidhani kwamba habari hizi ni za Ulaya peke yake. Mchanga wa bara hili umeonja moto ule.

Mwezi wa Februari 1961 Russell alikaa chini ya sakafu ya mawe nje ya Wizara ya Ulinzi pamoja na maelfu ya watu. Mwezi wa Septemba aliitwa mahakamani kwa kuwachochea watu wavunje sheria. Hakimu alimwambia kwamba akiahidi kuwa na mwenendo mwema atakwenda zake nyumbani. Alikataa kuahidi. Hukumu ya miezi 2 ilipunguzwa kuwa wiki moja kwa sababu ya afya yake, naye akarudi katika gereza lilelile la Brixton, akiwa na umri wa miaka 89. Mke wake, Edith, alifungwa pia.

Mwezi wa Oktoba 1962, Marekani na Urusi zilipokabiliana kwa ajili ya makombora ya Kuba, alipeleka telegramu kwa Kennedy na kwa Khrushchev akiwasihi wajizuie. Khrushchev alimjibu hadharani. Kennedy alijibu kwamba afadhali awaangalie wezi kuliko wale waliowakamata wezi. Siwezi kudai kwamba telegramu zake ndizo zilizozuia vita. Walioamua ni wale wawili wenye majeshi. Lakini mwaka uliofuata, tarehe 5 Agosti 1963, mkataba ulitiwa sahihi Moscow wa kukataza majaribio ya nyuklia hewani, majini na katika anga za juu. Mkataba ule haukuletwa na mtu mmoja. Uliletwa pia na mamilioni ya watu waliokuwa wamekwisha kuogopa majivu, na watu hao hawakuogopa bila kuelezwa.

Baada ya hapo alishughulika na vita vya Vietnam, akaitisha baraza la watu mashuhuri lililosikiliza ushahidi juu ya matendo ya jeshi la Marekani mwaka 1967. Wengi walilikejeli baraza hilo kwamba halina askari wala gereza. Tarehe 31 Januari 1970 aliandika tamko lake la mwisho, juu ya vita vya Mashariki ya Kati. Tarehe 2 Februari alifariki nyumbani kwake Wales, akiwa na umri wa miaka 97. Siku ya pili yake tamko lilisomwa mjini Cairo, mbele ya wabunge waliokutana huko, nalo likawa neno la mtu aliyekwisha kwenda.

Mwanafunzi mwerevu ataniuliza: je, alishinda? Mwaka 1986 silaha za nyuklia duniani zilikaribia 70,000. Siku hizi zimebaki kama 12,000, katika mikono ya mataifa 9. Hizo zatosha kabisa kwa kazi aliyoiogopa. Kwa upande mwingine, Afrika Kusini iliyabomoa mabomu yake yenyewe, na tarehe 11 Aprili 1996, katika mji uleule wa Cairo, mataifa ya Afrika yalitia sahihi Mkataba wa Pelindaba wa kulifanya bara letu lisiwe na silaha hizo. Mkataba ukaanza kutumika mwaka 2009. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Na kazi ambayo mtu mmoja hakuimaliza si lazima iwe imepotea.

Nakuambia haya kwa sababu umri wako ni umri wa makundi. Utaishi bwenini, utakwenda uwanjani, utaingia katika vyama na mikutano ya siasa, na siku moja utasikia sauti ya watu wengi ikisema kwamba jambo fulani ni lazima lifanywe usiku huu, nawe ukikataa wewe si mwenzetu. Nchi yetu imekwisha kusikia sauti hiyo, na mwanzoni mwa mwaka 2008 ilizika watu zaidi ya elfu moja kwa kuisikiliza. Sikuagizi uwapinge wengi kila siku. Apingaye kila kitu ni mgonjwa wa ubishi, na baraza haliwezi kukaa naye. Nakuagiza upime. Uliza kama jambo lile lingalikuwa haki lau wewe ungekuwa ndiye jirani. Uliza kama wale wanaokuhimiza watatia sahihi majina yao chini ya kikaratasi, au watakuacha wewe ukamatwe. Ukikuta jambo ni jema, wape wengi mikono yako yote miwili. Ukikuta ni uovu, sema hapana kwa sauti ya kawaida, ukiwa tayari kulipa gharama yake, kisha ubaki mahali hapo uwasaidie kuuzima moto.